Honorata na Mashine Iliyoitwa Veneranda

Siku za mbalamwezi, kijiji cha Mwamgongo hupumua. Mwezi ukishakuwa mpana, dagaa hawana haja na taa ya mtu. Wanatawanyika ziwa zima, na mvuvi akiwasha taa zake atakuwa anajimulikia pua yake mwenyewe. Basi mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinatandazwa zishonwe, na wanaume wanapanda milimani kwenye mihogo na michikichi, au wanadandia boti ya abiria kwenda Kigoma kunyoosha miguu. Mashine za mitumbwi zinafunguliwa, zinabebwa mabegani mpaka kwenye banda la kikundi, na mlango unapigwa kufuli.

Ufunguo wa kufuli hilo una kamba nyekundu, na kamba hiyo ilikuwa shingoni mwa Honorata. Alioga nao, alilala nao, alikwenda nao kanisani. Watoto wadogo waliamini kwamba amezaliwa nao.

Hakuzaliwa nao. Alizaliwa Rusimbi, mjini Kigoma, mbali na makasia, na alifika Mwamgongo akiwa bi harusi mwenye gauni lililolowa, maana alitapika kuanzia boti ilipoondoka mpaka ilipotia nanga. Mashangazi wa mume waliokuja kumpokea walitazamana. Mmoja tu, mwanamke mrefu mwenye mabega kama ya mwanamume, aliingia majini, akamshika mkono na kumwambia, "Tapika yote leo, mwanangu, kesho unaanza kazi." Huyo ndiye Veneranda.

Veneranda alimfundisha kila kitu. Kupiga kasia bila kuchubuka viganja, kuanika dagaa kwenye vichanja na kuwageuza kabla jua halijawaunguza, kusoma mawingu yanayotoka upande wa Kongo. Mume wa Honorata alipofariki na ndugu wakaanza kusema arudi kwao, ni Veneranda aliyesimama mlangoni na kuwauliza kwao ni wapi zaidi ya hapa. Mwanamke huyo alipiga kasia maisha yake yote, na alichotamani ni kimoja: siku moja akae kwenye mtumbwi amekunja mikono, mashine imsukume, na yeye atazame milima ikipita kama bibi wa serikali. Akafa kabla. Kikundi chao, Twende Pamoja, kiliponunua mashine mpya kwa jasho la vichanja, wanawake walichukua rangi nyekundu wakaandika jina lake kwenye mfuniko. Hawakupima nafasi vizuri, kwa hiyo herufi za mwisho zimebanana kama abiria wa mwisho kuingia botini. VENERANDA. Hata kwa mbali ungeitambua.

Mashine nyingine ya kikundi ilikuwa kuukuu, na kwa sauti yake ilipewa jina la Kikohozi.

Honorata alikabidhiwa banda kwa sababu watunzaji waliomtangulia walikuwa na marafiki wengi. Rafiki anakuja, anaomba mafuta kidogo tu ya kufika kijiji cha pili, na mafuta yanakwisha. Honorata alipochukua ufunguo aliweka sheria yake. Mashine zile hazitembei kwa petroli tupu. Lazima ichanganywe na oili, la sivyo chuma kinasuguana na chuma, na mashine inanoki, ndiyo basi. Kila mtu anajua hivyo, na kila mwalo wa wavuvi unachanganya mafuta yake mapema na kuyaweka tayari. Yeye akakataa. Kwenye banda lake petroli ilikaa peke yake, nyeupe, kwenye vidumu. Oili ilikaa nyumbani kwake, uvunguni mwa kitanda. Jioni ya kwenda ziwani mnapanga foleni mchangani, yeye anakuja na chupa yake, anachanganya mbele ya macho yenu, mnaondoka. Atakayeiba petroli hiyo ataitia kwenye nini?

Wanaume walicheka mpaka wakachoka. Walimwita Mama Oili. "Mama Oili, leo umelalia upande gani? Mafuta yasije yakawa na ndoto." Naye aliwajibu, "Nimelalia upande wako, ndiyo maana yamekuwa mazito." Sheria ikabaki.

Sasa, siku moja ya mbalamwezi, asubuhi jua limeshapanda, boti ndogo ilikuja kutoka kusini ikapanda mchangani mbele ya banda. Walishuka vijana wawili wenye ovaroli za bluu. Majina yao yalijulikana baadaye. Aliyetangulia, mwenye ulimi wa asali, ni Wilfred. Aliyekuwa na kofia, aliyeendesha boti, ni Bariki, dereva wa bodaboda.

"Shikamoo, mama," alisema Wilfred.

"Marahaba. Mwakeye."

Wilfred aliitikia kwa Kiha kizuri, cha mtu aliyelelewa na bibi yake, akapiga makofi taratibu na kuinama kama inavyotakiwa. Kisha akasema, "Tumetumwa na Fundi Mudathir wa Kasingirima. Mgongo umemkamata. Kasema safari hii tumpelekee mashine kulekule akazifanyie sevisi amekaa."

Hapo hapakuwa na la ajabu. Kila mbalamwezi Mudathir alikuja kutoka mjini kuzihudumia mashine, na mgongo wake ulikuwa unalalamika siku zote. Wezi walikuwa wameuliza wakajibiwa, walikuwa wamechagua siku wanaume hawapo, na walikuwa wameona kwamba mchana kweupe hakuna anayemkimbiza mtu mwenye ovaroli. Hata hivyo Honorata aliwatazama juu mpaka chini.

"Mudathir tangu lini akawa na vijana wawili? Mmoja tu anamshinda kumnywesha chai."

"Ndiyo maana tumekuja wawili, mama," alisema Wilfred. "Hiyo chai moja tunapokezana."

Honorata akacheka. Akavua ufunguo, akafungua.

Walimbeba Veneranda kwanza, kisha Kikohozi. Bariki alirudi, akainama kwenye boti yao, akaliinua tangi la mafuta na kulitikisa sikioni. Akaja tena bandani, akagusa kidumu kwa ncha ya kiatu. "Humu kuna nini, mama?"

"Petroli," alisema Honorata, na ndivyo ilivyokuwa. Wakati huohuo mbuzi wa jirani walikuwa wameingia kwenye vichanja na kuanza kukanyaga dagaa, akakimbia na fimbo. Aliporudi boti ilikuwa imeshaondoka, na kidumu hakipo.

Alikasirika kidogo, lakini kwa sababu ya kidumu tu. Akapiga simu.

"Mudathir, mgongo unaendeleaje?"

"Mgongo wa nani?"

"Wako."

"Mgongo wangu mzima, namshukuru Mungu. Nimeinama hapa kwenye mashine ya watu tangu asubuhi. Kesho kutwa nakuja kwenu."

Honorata alikaa chini, palepale kwenye mchanga, simu ikiwa sikioni. Mudathir aliita mara kadhaa kisha akakata simu, maana alikuwa ameelewa. Kilichomchoma mama huyo hakikuwa mlango aliofungua. Kilikuwa kile kicheko. Walimfanya acheke.

Habari mbaya Mwamgongo hazihitaji miguu. Punde wanawake walikuwa wamejaa mbele ya banda, na kutoka mlimani akashuka Mzee Nathaniel, mwenyekiti wa kikundi, panga lake likiwa bado na udongo wa mihogo. Alichungulia ndani. Banda bila mashine lilionekana kubwa kama darasa wakati wa likizo.

"Mlango haujavunjwa," alisema.

"Nimewafungulia mimi," alisema Honorata.

Edina, ambaye vichanja vyake vinapakana na vya Honorata na ambaye hajawahi kukaa na neno tumboni, akasema, "Tena mlikuwa mnacheka. Mimi nimesikia. Nikasema moyoni, leo Mama Oili amepata wakwe."

"Unasema nimeiba, Edina?"

"Sijasema umeiba. Nasema umecheka."

Watu wengine walisema zaidi ya hapo, lakini chinichini, na hayo ya chinichini ndiyo yanayofika. Kwamba mtu wa Rusimbi ni mtu wa Rusimbi. Kwamba ovaroli zile zilijuaje jina la fundi. Mzee Nathaniel aliwapigia watu wake wa mjini waangalie bandarini na mialoni, lakini kila mtu alijua ufukwe ni mrefu na boti ile ingeweza kupanda mchangani popote. Kufuata nako kulikuwa mtihani. Boti ya abiria ilishaondoka alfajiri, na mashine za kufuatia ndizo zilizoibwa.

Mzee akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo, mama."

Hapo Honorata akasimama. Alikuwa ametulia kwa namna iliyomshangaza hata Edina.

"Mzee, tangi lao lilikuwa linakwisha. Nilimwona yule wa kofia analitikisa. Wamechukua kidumu changu wakidhani ni mafuta ya mwaloni, yameshachanganywa. Oili iko chini ya kitanda changu." Akatazama kusini, ambako msitu wa hifadhi ya Gombe unashuka mpaka majini. "Wakikimimina kidumu kile kwenye mashine yao, hawamalizi hifadhi. Itanoki. Na upepo wa mchana umeanza, unatoka kule, utawarudisha huku."

Ilikuwa kama wote wanakiona kitanda chake kwa mara ya kwanza.

"Ufunguo nakuomba mpaka jua lizame," alisema. "Nitarudi na mashine mbili. Nisiporudi nazo, nitakuvalisha mwenyewe shingoni, na Rusimbi kuna nafasi, nitarudi nikatapike njia nzima kama nilivyokuja."

Mzee Nathaniel alikunja vidole. "Mpaka jua lizame."

Mtumbwi mrefu ulisukumwa majini. Wa kwanza kuingia na kasia alikuwa Edina.

"Wewe unakwenda wapi?" Honorata alimuuliza.

"Mashine ni ya kikundi. Na wewe ukikaa mbele utatupeleka Burundi."

Walikuwa wanawake sita. Walipiga kasia dhidi ya upepo, karibu na ufukwe ambako mawimbi ni mafupi, migongo ikienda na kurudi pamoja bila mtu kuhesabu. Nyani wa Gombe walikuwa wamekaa juu ya mawe wakiwatazama, kama watu waliokuja kwenye mkutano na hawajaambiwa ajenda. Honorata alikaa nyuma akishika mwelekeo. Viganja vyake vilikumbuka kila alichofundishwa. Alijisemea kwamba akifika pale kwenye mwamba uliojitokeza bila kuona kitu, basi amekosea, wezi walikuwa na oili yao, na jina lake limekwenda.

Walisikia kabla hawajaona. Juu ya maji sauti inasafiri.

"Wewe si ulisema unajua mashine?"

"Nilisema najua pikipiki."

"Pikipiki inakunywa nini?"

"Petroli."

"Na hii umeipa nini?"

"Petroli."

"Sasa mbona imekufa?"

"Sasa mimi ni daktari?"

Boti ilikuwa imelala ubavu kwa mawimbi, nje kidogo ya mwamba, na maji yalikuwa yanaingia ndani kila wimbi lilipoinuka. Bariki alikuwa anayachota kwa kofia yake, huku anatapika. Wilfred alikuwa amepiga magoti, ameibeba mashine nusu, mfuniko wake wenye herufi nyekundu ukining'inia nje ya boti. VENERANDA, herufi za mwisho zimebanana. Kikohozi hakikuwepo.

"Msisogee," Wilfred alisema alipowaona. Asali yote ilikuwa imekauka ulimini. "Bi mkubwa, ukisogea naiachia."

"Nyingine iko wapi?" Honorata aliuliza.

"Imekwenda chini. Boti ilikuwa nzito. Na hii inaifuata. Hapo mtatukamata na nini? Tutakuwa watu wawili tulioharibikiwa na boti, basi."

Kilikuwa kitisho cha kweli. Ziwa hilo halina ghorofa ya chini ambayo mtu anaweza kushuka akachukua kitu. Kinachozama pale kimezama mpaka dunia iishe, na Kikohozi kilishakwenda na nusu ya ahadi ya Honorata. Edina alianza kuzungusha kasia ili wawarukie. Honorata akamgusa bega.

"Wekeni makasia ndani," alisema.

"Honorata."

"Wekeni ndani, Edina."

Wakayaweka. Mtumbwi ukaanza kurudishwa na upepo, polepole, na boti ya wezi nayo ikarudishwa, ila ya kwao ilikuwa inaelekea kwenye mwamba.

"Iachie," Honorata alimwambia Wilfred. "Sisi tunageuza, tunakwenda kupika. Wewe na mwenzako mtabaki na boti tupu na mwamba ule. Unajua kuogelea?"

Wilfred aliutazama mwamba.

"Mwenye kofia, wewe unajua kuogelea?"

Bariki alitikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Kwenu wapi?"

"Rusimbi," alisema, akatapika tena.

Honorata karibu acheke, siku hiyo ya kutocheka. "Rusimbi. Basi tapika yote, mwanangu. Watu wa kwetu ziwa hili linatukataa mara ya kwanza. Sasa nisikilizeni wote wawili. Hiyo mashine ina jina la mtu. Ikibaki ndani ya boti, nawatupia kamba, nawavuta mpaka Mwamgongo, na pale hakuna atakayewagusa. Mtalala ndani, polisi watakuja, mtajibu mlichofanya. Mtajibu mkiwa hai. Ikizama, sijawaona."

"Mama, watu wa mialoni tunawajua," alisema Wilfred. "Tukifika tu tumekwisha. Mawe na marungu. Wewe utazuia na nini?"

"Na neno langu."

"Neno la mtu aliyetufungulia mlango?"

Hapo hata Edina aliumia, ilionekana usoni mwake. Honorata aliinua kamba nyekundu, ufunguo ukaning'inia juani.

"Ndiyo. Huyohuyo. Niliwafungulia nikiwaamini. Sasa nawaambia niaminini mimi, na sivai ovaroli ya mtu."

Wimbi kubwa likaja, likamwaga maji ndani ya boti. Wilfred aliyumba, mashine ikateleza. Ni Bariki aliyejirusha. Alikumbatia Veneranda kama mtu anayemzuia mama yake asianguke, akaivuta ndani, akaishika kamba yake na kuifunga kwenye ubao wa kukalia, fundo juu ya fundo.

"Achana nayo," Wilfred alimwambia.

"Achana nami wewe," alisema Bariki. "Oya, mama, tupia kamba."

Safari ya kurudi upepo uliwasukuma, lakini boti iliyojaa maji inavuta kama ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Waliiburuta hivyo mpaka vichanja vya Mwamgongo vilipoonekana. Ndipo Edina akasema bila kugeuka, "Ahadi ile umeitoa wewe. Mimi sijatoa."

"Najua."

"Nakukumbusha tu, maana naona watu wamejaa pale."

Walikuwa wamejaa kweli. Wanaume walikuwa wameshuka kutoka milimani, na simu zilikuwa zimewaita wengine waliokuwa vijiji vya jirani. Walisimama mpaka kwenye maji. Walikuwa na fimbo, walikuwa na mawe, na wale wasiokuwa na kitu walikuwa wameshika makasia. Vijana ndani ya boti walijikunja. Wilfred alianza kusema maneno ya dini, akayachanganya.

Honorata alishuka kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Maji yalimfika kiunoni. Aliwashika wezi mikono, mmoja kulia, mmoja kushoto, akaanza kutembea nao kuelekea kwenye ile mikono iliyoinuliwa. Hakwenda haraka. Alikwenda kama anavyokwenda kupokea komunyo.

"Pisha, mama," alisema kijana mmoja mwenye mpini wa jembe.

"Pisha wewe. Nimebeba."

"Hao ni wezi."

"Ni wezi. Nani amekwambia si wezi?" Akasimama. Sauti yake haikupanda, ila kila mtu aliisikia. "Veneranda yuko ndani ya boti ile. Nendeni mkamwangalie. Alikuwa ameshaning'inizwa nje. Kilichomrudisha si kasia na si panga, ni neno langu kwamba hakuna atakayewagusa hawa. Mtu akiwapiga sasa, amenipiga mimi mdomoni. Na kesho mbalamwezi ikiisha, mje mniamini na oili yenu."

Mpini wa jembe ulibaki juu. Kijana yule alitazama kulia na kushoto akitafuta wa kumuunga mkono, na aliyemwona ni Edina, aliyekuwa ameshuka na kasia lake na kusimama nyuma ya Honorata, uso umekunjwa.

"Mimi bado nasema alicheka nao," Edina alitangaza kwa watu wote. "Lakini ukimgusa, kasia hili litakupata sikioni."

Njia ikafunguka. Honorata aliwaingiza vijana bandani, akawatupia kanga kavu wajifute, akafunga kufuli kwa nje. Kisha akageuza ndoo, akakaa mlangoni.

Jua lilikuwa linagusa milima ya Kongo, na ziwa lote lilikuwa na rangi ya mawese. Mzee Nathaniel akaja kusimama mbele yake.

"Linazama," alisema.

"Naliona."

"Ulisema mashine mbili."

"Nilisema mbili. Nimerudi na moja. Kikohozi kipo chini ya maji. Ufunguo ni wako, Mzee, sina maneno." Akaushika kifuani. "Ila jioni hii siutoi. Nikiutoa, hawa hawafiki asubuhi. Kesho boti ya polisi ikishaondoka nao nakuletea nyumbani, kwa miguu yangu."

Mzee alitazama watu waliokuwa bado wamezagaa kwenye mchanga, wengine na mawe mikononi. Akaenda. Baadaye kidogo akarudi na kigoda chake, akakiweka upande wa pili wa mlango, akakaa. Mmoja baada ya mwingine watu wakaanza kukumbuka kwamba hawajala.

Polisi walifika asubuhi. Bariki, akiwa amefungwa pingu, alisimama mbele ya Honorata kabla ya kupanda boti.

"Mama, naomba kuuliza. Hiyo oili ilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda changu."

Bariki alifikiri. "Ningejua vipi?"

"Usingejua. Ndiyo kazi yake."

Boti ilipopotea machoni, Honorata alivua kamba nyekundu, akapanda mpaka kwa Mzee Nathaniel, akamkuta anashona wavu. Akauweka ufunguo juu ya wavu, akarudi kwenye vichanja vyake. Watu walimwona anapapasa shingo mara kwa mara, kama mtu aliyenyolewa na bado anatafuta nywele. Hakulalamika. Alisema dagaa wake wakubwa, jua zuri, Mungu mwema. Na simulizi ya siku ile ilikuwa imeshatoka Mwamgongo, imefika Kigoma, imeingia mpaka soko la Ujiji, na kila aliyeisimulia aliongeza mawimbi.

Mwezi ulipungua. Ikaja jioni ya kwanza ya giza, jioni ambayo kijiji kizima kinanukia moshi na petroli. Fundi Mudathir alikuwa ameshamkagua Veneranda na kusema yuko salama, mapafu safi. Mzee Nathaniel alifungua banda kwa ufunguo wenye kamba nyekundu. Mashine ikabebwa, ikafungwa kwenye mtumbwi. Vidumu vikatolewa, vikapangwa mchangani. Halafu wanaume wote wakasimama wakivitazama. Petroli ilikuwa nyeupe kama maji.

"Mtachanganya na mate?" Edina aliuliza kutoka kwenye vichanja.

Hakuna aliyecheka. Mzee Nathaniel akaanza kupanda kuelekea nyumba ya Honorata, na wavuvi wakamfuata na vidumu, kila mmoja cha zamu yake ya kutumia mashine, foleni ndefu kama ya wapiga kura, mpaka uani.

Honorata alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Aliwaona, hakusimama.

"Mama Oili," alisema Mzee. Mara ile jina hilo lilitoka mdomoni kama cheo. "Ufunguo huu unaninyonga."

"Kamba yake fupi, Mzee. Ilikatwa kwa shingo yangu."

"Ndicho nilichokuja kusema. Mbele ya hawa." Akauvua, akainama, akamvalisha mwenyewe. "Na mashine hazikurudi mbili, ilirudi moja. Nasema hiyo moja inatosha."

Honorata aliurekebisha ufunguo ukae pale unapokaa siku zote. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, na wote uani wakasikia kitanda kikisogezwa. Alitoka na chupa.

"Kidumu cha leo kwanza," alisema. "Wengine ngojeni. Na atakayeuliza nimelalia upande gani, atapiga kasia."

Akaimimina oili taratibu, akafunga kidumu, akakitikisa mpaka ile nyeupe ikawa na wekundu hafifu. Akawafuata mpaka mchangani. Mashine ilivutwa kamba mara moja tu, ikaitikia. Wanawake walisogea majini na kuitazama ikienda, herufi zake nyekundu zikipungua, mpaka ikawa sauti tu, kisha taa, upande ule dagaa waliko.